Wasomaji Wanauliza: Mafunzo ya Uongozi kwa Jamii za Kiasili Yanamfaidi Nani?

Barua za mwezi huu zimetoka kwa wasomaji wa Nairobi ambao wengi wao ni wazaliwa wa Laikipia, Samburu, Narok na Kajiado. Karibu zote zinahusu mafunzo ya utawala na maendeleo yanayotolewa kwa jamii za wafugaji na za wawindaji, ambazo kifungu cha 260 cha Katiba ya mwaka 2010 kinazihesabu miongoni mwa jamii zilizotengwa. Tumechagua sita na kuzifupisha.

Mhariri, mimi ni mzaliwa wa Laikipia Kaskazini na ninafanya kazi ya ulinzi katika Eneo la Viwanda. Shirika moja limewaalika wajumbe wa kamati yetu ya ardhi kuja hotelini hapa Nairobi kwa mafunzo ya utawala bora. Wazee nyumbani wananung'unika kwamba kila mara ni watu wale wale wanaosafiri, wanarudi na vyeti na mikoba, na mambo yanabaki yalivyokuwa. Je, mafunzo haya yana faida? Na sisi tulio mjini tudai nini? — Msomaji, Mukuru

Malalamiko ya wazee yana msingi, na inanisikitisha yanapopuuzwa kana kwamba ni kijicho cha posho. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016, mwenye kauli ya mwisho kuhusu ardhi yenu ni mkutano mkuu wa jamii, yaani watu wazima wote wa jamii iliyosajiliwa, wanaume kwa wanawake. Kamati ya watu saba hadi kumi na watano huchaguliwa na mkutano huo ili iendeshe shughuli za kila siku, iratibu mpango wa matumizi ya ardhi na kuandaa kanuni ambazo ni lazima mkutano uziidhinishe. Mafunzo yanayowafikia watumishi peke yao na kuwaacha waliowatuma gizani yanazidisha pengo lililokuwapo, kwa sababu mjumbe anarudi akiwa na maneno ya sheria ambayo jirani yake hana, na siku ya mabishano maneno hayo hutumika kumnyamazisha jirani.

Tumekwisha kuyaona haya. Sheria ya mwaka 1968 iliyounda ranchi za vikundi iliweka ardhi ya wafugaji mikononi mwa wawakilishi wasiopungua watatu na wasiozidi kumi kwa kila kikundi. Hao ndio waliozijua ramani, ndio walioitwa na maofisa, na wanachama wa kawaida waliarifiwa mambo yakishaamuliwa. Ranchi zilipoanza kugawanywa, wapo wawakilishi waliojikatia vipande vikubwa kuliko vya wenzao, na wapo watu wa nje walioingizwa katika orodha za wanachama. Migogoro iliyotokana na hayo imewapeleka watu mahakamani kwa miaka mingi. Sheria ya 2016 ilifuta ile ya 1968, lakini mazoea ya kuwaachia wachache kila kitu hayajafutika.

Kwa hiyo, mkipewa nafasi ya kusema na shirika hilo, ombeni mafunzo yahamie nyumbani, yafanyike kwa Kimaa, na yatumie karatasi zenu wenyewe badala ya mifano ya kubuni. Somo moja lililofanywa vizuri huwa hivi: watu wanakutana katika darasa la shule ya msingi siku ya Jumamosi, mwezeshaji anafungua muhtasari wa mkutano uliopita, anausoma sentensi kwa sentensi, kisha anauliza waliohudhuria kama ndivyo walivyokubaliana. Baada ya hapo sajili ya wanachama inawekwa mezani kando ya orodha ya sahihi na alama za vidole gumba. Ikiwa sajili ina watu wazima 600, theluthi mbili ni 400, na hiyo ndiyo akidi, yaani idadi ya chini kabisa ya wahudhuriaji, ambayo sheria inaitaka katika mkutano mkuu. Uamuzi wa kuuza ardhi au kuitoa kwa njia nyingine nao unahitaji kuungwa mkono na theluthi mbili ya wanachama wote walioandikishwa. Muhtasari wenye sahihi 90 hauwezi kuitoa ardhi hiyo, hata ukipigwa mhuri mara ngapi. Mama ambaye hajawahi kukaa darasani ataielewa hesabu hii mara moja, na tangu siku hiyo itakuwa vigumu kumpitishia uamuzi mgongoni.

Kuhusu ninyi mlio mjini, kuna jambo ambalo wengi hawalifikirii. Majina yenu yamo katika sajili, na kwa hiyo yanahesabiwa akidi inapotafutwa. Vijana mia moja wa jamii moja wakiwa Nairobi, Nakuru na Mombasa bila kurudi siku ya mkutano mkuu, wanaweza kuukwamisha mkutano halali, au wanaweza kuwapa wajanja kisingizio cha kuujazia majina. Asiyekuwapo na lake halipo. Dai la kwanza, basi, ni kwamba tarehe ya mkutano mkuu itangazwe mapema kiasi cha kuwawezesha kuomba likizo na kutafuta nauli, na la pili ni kwamba nakala ya sajili na ya kanuni ziwekwe mahali ambapo mwanachama yeyote anaweza kuzisoma bila kumbembeleza mtu.

Mhariri, nimeolewa katika jamii moja ya Samburu, nami nilichaguliwa mweka hazina wa kamati. Kwa sasa ninaishi Kayole kwa ajili ya masomo ya watoto na huenda nyumbani mara kwa mara. Mwenyekiti hunitumia muhtasari na hundi kwa gari la abiria ili nitie sahihi, na nikiuliza huambiwa kwamba nitafundishwa kazi wafadhili watakapokuja. Mashemeji wanasema mwanamke wa kuolewa hapaswi kuhoji. Nifanye nini? — Mama wa Kayole

Mama, usitie sahihi kwenye hundi ambayo hujaona inamlipa nani, kiasi gani na kwa uamuzi wa mkutano upi. Hilo halihitaji kusubiri mafunzo wala wafadhili. Benki ikikuta sahihi yako, na baadaye wachunguzi wakiikuta, hakuna atakayejali kwamba karatasi ilikufikia ndani ya bahasha saa mbili usiku kituoni.

Mashemeji nao waelezwe kwa heshima, ikiwezekana mbele ya mzee wanayemsikiliza, kwamba kifungu cha 30 cha Sheria ya Ardhi ya Jamii kinakataza ubaguzi wa kijinsia na wa hali ya ndoa ndani ya jamii iliyosajiliwa, na kwamba mtu aliyeoa au kuolewa na mwanajamii huwa mwanachama moja kwa moja kwa sababu ya ndoa hiyo. Wewe si mgeni aliyeachiwa kiti. Ulichaguliwa.

Kuhusu kazi yenyewe, nakusihi usiogope neno uhasibu. Nunua daftari la mistari, ulichore safu tano: tarehe, maelezo, zilizoingia, zilizotoka na salio. Kila shilingi iandikwe siku ileile inayoingia au kutoka, hata ikiwa ni shilingi mia mbili za maji ya kunywa mkutanoni, na kila iliyotoka iwe na stakabadhi iliyobandikwa ukurasa wa pili yake. Malipo ya M-Pesa huwasumbua wengi, kwa sababu fedha za jamii hupitia simu ya mtu binafsi na kuchanganyika na karo ya watoto wake. Mkutano ukubaliane kwamba michango na kodi vinaingia katika akaunti ya jamii peke yake, na panapokuwa hapana budi kutumia simu ya mtu, ujumbe wa muamala unakiliwa daftarini ukiwa na namba yake kabla haujafutwa. Mwisho wa kila mwezi linganisha salio la daftari na taarifa ya benki. Yakitofautiana, usilale juu ya tofauti hiyo. Iulize kwa maandishi.

Mafunzo yatakapokuja, nenda na daftari hilo. Mkufunzi makini atalifurahia kuliko daftari jipya la semina, na maswali yako yatakuwa ya mtu anayeifanya kazi. Muhtasari, kwa upande wake, usomwe mbele ya kikao kabla haujatiwa sahihi. Ukitumiwa ule ambao haujasomwa, urudishe kwa gari lilelile ukiwa na maneno mawili: haujasomwa.

Mimi ni Mwogiek wa Mau na mwanafunzi wa chuo kikuu hapa Nairobi. Tangu uamuzi wa Arusha tunasikia habari za hazina ya maendeleo ya jamii. Tujiandae vipi ili fedha hizo zisitugawanye? — Mwanafunzi, Kikuyu Road

Kwanza nieleze kwa ajili ya wasomaji wengine. Baada ya Waogiek kupewa notisi ya kuondoka katika msitu wa Mau mwaka 2009, shauri lao lilifika katika Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu yenye makao yake Arusha, ambayo tarehe 26 Mei 2017 iliamua kwamba Serikali ya Kenya ilikuwa imekiuka haki zao kadhaa, zikiwamo haki ya ardhi, dini, utamaduni na maendeleo. Tarehe 23 Juni 2022 mahakama hiyo ikatoa uamuzi wa fidia: shilingi 57,850,000 kwa hasara ya mali na shilingi 100,000,000 kwa madhara ya kiutu, pamoja na amri ya kuwapa Waogiek hati miliki ya pamoja na ya kuanzisha hazina ya maendeleo ya jamii ambayo fedha hizo zote zingewekwa, ikisimamiwa na kamati yenye wawakilishi waliochaguliwa na Waogiek wenyewe.

Umeuliza swali ambalo watu wengi huliuliza wakiwa wamechelewa. Maandalizi yafanywe kabla ya fedha kufika, wakati hakuna mtu mwenye la kupoteza kwa kusema ukweli, kwani zikishaingia benki kila pendekezo la utaratibu huonekana kama hila ya ukoo fulani. Waogiek wamesambaa pande nyingi za Mau na wengine wapo Mlima Elgon. Kwa hiyo jambo la kwanza la kujifunza pamoja ni uwakilishi: wajumbe wa kila eneo watachaguliwa vipi, watakaa kwa muda gani, na nani ana uwezo wa kuwaondoa. Swali hili la mwisho ndilo ambalo katiba nyingi za vikundi hulikwepa, na kwa maoni yangu ndilo linalofaa kupewa siku nzima ya majadiliano. Jambo la pili ni kama fedha zitumike zote katika miradi au sehemu yake iwekezwe ili karo na dawa zilipwe kwa faida peke yake huku mtaji ukibaki kwa kizazi kijacho. Shilingi 157,850,000 zinasikika kama mali isiyokwisha, lakini zikigawanywa kwa kila nyumba hazitanunua hata kipande cha shamba cha maana.

Jamii nyingine iliyopitia njia hiyo ni ya Waendorois wa Ziwa Bogoria, ambao waliondolewa katika ardhi yao miaka ya 1970 kwa ajili ya hifadhi ya wanyama na wakashinda shauri lao mbele ya Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu, katika uamuzi uliotangazwa mwaka 2010. Ushindi wao uliwafunza kwamba kupata uamuzi ni kazi moja na kuutekelezesha ni kazi nyingine inayodai mikutano, barua na subira ya miaka. Ninyi wanafunzi mna nafasi kubwa hapa. Uamuzi wa Arusha umeandikwa katika lugha ambazo bibi zenu hawazisomi. Kaeni mwezi wa likizo, mzifasiri aya zinazohusu hazina na hati miliki, na mzisome katika kila kijiji. Hayo ni mafunzo yasiyohitaji mfadhili.

Je, ni lazima mtu awe na cheti cha mafunzo ya uongozi ndipo agombee ujumbe wa kamati ya ardhi ya jamii? — Mgombea, Kitengela

Hapana. Sheria inamtaka awe mwanajamii aliyechaguliwa na wenzake. Ukiambiwa vinginevyo, mwombe aliyekuambia akuonyeshe kifungu. Jamii inaweza kujiwekea sifa za ziada katika kanuni zake, lakini ningeionya isiweke masharti ya vyeti, kwa maana yatawafungia nje wanawake na wazee ambao ndio wanaoujua mpaka wa malisho hatua kwa hatua.

Ninafanya kazi katika shirika moja lenye ofisi Kilimani, na tumepewa ruzuku ya kuzifundisha jamii za wafugaji kuhusu bajeti za kaunti. Tupange vipi ratiba? — Afisa wa miradi

Nakushukuru kwa kuuliza kabla ya kupanga. Ratiba ya mafunzo ya bajeti imekwisha kuandikwa katika sheria, nanyi mnapaswa kuifuata. Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012, mpango wa maendeleo wa mwaka unafikishwa katika bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba, taarifa ya mkakati wa fedha kufikia 28 Februari, na makadirio ya bajeti kufikia 30 Aprili, ili mwaka mpya wa fedha uanze Julai mosi bajeti ikiwa imepitishwa. Mkiwafundisha watu mwezi wa Juni namna ya kupendekeza kisima, mtakuwa mmewafundisha jambo ambalo hawataweza kulitumia mpaka mwaka unaofuata. Wafikieni Julai na Agosti, wakati mpango wa mwaka unaandikwa, halafu rudini Februari ili wakague kama kisima walichokiomba kimo katika karatasi.

Kalenda ya pili ni ya mifugo. Wakati wa kiangazi vijana wa kiume huwa mbali na ng'ombe, na mafunzo yanayofanyika wakati huo yatasikilizwa na waliobaki nyumbani tu. Hilo si baya ikiwa mmekusudia kuwafikia wanawake, lakini ni kosa ikiwa mnahitaji akidi. Mikutano ya maoni ya umma nayo mara nyingi hufanyika makao makuu ya wadi, mwendo wa nusu siku kutoka kwenye maboma, kwa hiyo fungu la nauli za wananchi litangulie fungu la ukumbi. Nasema hivi nikijua kwamba wafadhili hupenda kuona picha za ukumbi uliojaa. Waelezeni kwamba ombi moja la wananchi lililoingia katika bajeti lina thamani kuliko semina kumi.

Wafundisheni pia kuomba taarifa. Sheria ya Upatikanaji wa Taarifa ya mwaka 2016 inamruhusu raia kuandika ombi lake kwa Kiswahili au Kiingereza, inamtaka afisa amsaidie asiyejua kuandika, na inaipa ofisi ya umma siku 21 za kujibu. Malizeni kila kikao kwa kuandika ombi moja la kweli, mathalani nakala ya mkataba wa barabara ya wadi, na mlipeleke kesho yake.

Kampuni inataka kukodi sehemu ya ardhi yetu ya jamii kwa mradi wa hewa ya kaboni, yaani wa kutunza miti na nyasi ili iuze haki za kaboni inayohifadhiwa. Wajumbe wake wanasema mafunzo yatatolewa tukishatia sahihi. Ni sawa? — Msomaji, Umoja

Si sawa kwa mafunzo mnayoyahitaji sasa. Kifungu cha 36 cha Sheria ya Ardhi ya Jamii kinataka mkataba wa uwekezaji utokane na mashauriano huru na ya wazi, kisha kinaorodhesha mambo ambayo lazima yawemo: tathmini ya athari za mradi kwa mazingira na utamaduni, fidia na mrabaha, ukarabati wa ardhi mradi ukiisha, na pia kuijengea jamii uwezo na kuipatia teknolojia. Kwa hiyo mafunzo ya baada ya sahihi ni haki yenu ndani ya mkataba, yaandikwe kwa kiasi, kwa mada na kwa tarehe, na yasiachwe kuwa hisani ya kampuni. Lakini mafunzo ya kabla ya sahihi, yale ya kuelewa mnachokubali, hayawezi kutolewa na anayesubiri sahihi hiyo. Mtafuteni wakili au shirika la haki za ardhi lisilolipwa na kampuni, mkataba usomwe kwa lugha yenu mpaka mwisho, viambatisho vikiwamo, maana hesabu za malipo mara nyingi zimo katika viambatisho.

Katika miradi ya kaboni inayotumia ardhi ya jamii, marekebisho ya Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya mwaka 2023 yanataka pawepo mkataba wa maendeleo ya jamii, na mchango wa kila mwaka kwa jamii usiopungua asilimia 40 ya mapato ya mwaka uliotangulia. Ulizeni mapato hayo yanahesabiwa kabla au baada ya gharama zipi, nani anazikagua gharama hizo, na mtapewa lini nakala ya hesabu. Ulizeni pia mkataba ni wa miaka mingapi, na kama malisho ya kiangazi yataruhusiwa katika miaka yote hiyo.

Mkiridhika, itisheni mkutano mkuu kwa ajili ya ombi hilo. Sheria inadai theluthi mbili ya watu wazima wahudhurie na theluthi mbili waidhinishe. Kama kampuni ina haraka kiasi cha kutoweza kungoja mkutano huo, isubiri au iende kwingine; ardhi haitahama.